Kayaki, magoti na herufi za mtoto

Kama umepita kule chini Tudor, hapa Mombasa, karibu na maji hizi wiki mbili tatu ukaona jamaa amepiga magoti ndani ya kitu cha rangi ya chungwa anazunguka pahali pamoja kama pia, ndo mimi huyo, salaam aleikum, na wale vijana waliokuwa wakinirekodi na simu juu ya ukuta nawaomba tu wakiposti wanikate kichwa nisijulikane kazini.

Watu wameniuliza sana hiki ni kitu gani na mbona nakikalia vibaya. Ukweli ni kuwa hii ni kayaki, na kayaki mtu hukaa kitako akanyoosha miguu mbele akashika kafi lenye bapa huku na bapa huku. Mi nimeng'oa siti nikatia kigoda cha povu, napiga magoti, na kafi langu lina bapa moja tu kama la kwenye hori, ule mtumbwi mdogo wa wavuvi. Sikuvumbua mimi, wenyewe kwenye mashindano ya maji ya kasi wanaita C1, yaani mtumbwi wa mtu mmoja, ila ni mtumbwi uliozibwa juu ukabaki tundu la kuingilia tu. Wanaume wamewekewa Olimpiki tangu 1972 kule Augsburg Ujerumani, halafu mchezo wote ukatolewa mpaka 1992, na wanawake wakangoja hadi Tokyo, zile za 2020 zilizofanywa 2021 kwa ajili ya korona. Hapo ndo niliona mara ya kwanza, nipo na chai, dada mmoja wa Australia Jessica Fox anakata maji amepiga magoti mpaka akachukua dhahabu, na kitu cha kwanza nilichomwambia mama watoto ni, huyu si amekaa tahiyatu huyu?

Wallahi si mzaha. Ukiwa umelelewa Mombasa ukapelekwa chuoni kusoma Kurani ukiwa na miaka mitano, ukakaa juu ya mkeka umekunja miguu chini yako saa nzima huku mwalimu ana bakora, basi vifundo vyako vya miguu vishafanya mazoezi ambayo Mzungu anayatafuta akiwa na miaka thelathini. Nikajiambia hii kazi naiweza. Na mgongo nao ulichangia, manake mi kazi yangu ni ya kukaa ofisini nakimbizana na makaratasi ya mizigo ya bandarini, na kila nikikaa kwenye kayaki na miguu imenyooka, dakika ishirini tu nasikia waya unavutwa kutoka kiunoni mpaka kwenye kigimbi. Nikipiga magoti huo waya haupo. Yapo maumivu mengine, ntafika.

Kayaki yenyewe niliipata kwa jamaa wa bara alokuwa akipiga maji ya kasi kule Sagana, kwenye mto Tana, akachoka au akaoa, sijui. Ikaja na lori lililokuwa linashuka bandarini, ikateremshwa Changamwe usiku, na mlinzi wa pale akavua kofia akauliza nani kafa. Nilipoibeba begani asubuhi nikiitafutia tuktuk watu watatu wakanipa pole.

Kwa anayetaka kujaribu, angalia vitu viwili kabla hujatoa pesa. Upana, manake ukipiga magoti kifua kinakuwa juu zaidi kuliko ukikaa kitako na kile kichombo chembamba kitakumwaga hata kabla hujashika kafi. Na lile tundu la kukalia, liwe refu, goti liweze kuingia na kutoka bila kuomba ruhusa. Zile za zamani zenye tundu dogo la duara achana nazo. Yangu ni ya plastiki nzito ile kama ya jerikeni, ina mikwaruzo ya mawe chini lakini hakuna ufa, nilimulika tochi ndani usiku nikaangalia nje.

Kung'oa ndo rahisi. Siti bolti nne, toka. Vile vya kukanyagia miguu mbele, toka, huvihitaji tena. Zile ndoana za kushikia mapaja chini ya sitaha, toka. Fundi wangu (fundi wa fanicha huyu, hajawahi kuona kayaki maishani) akaona ule ukuta wa povu uliosimama mbele katikati akasema na huu nao tuutoe, unakula nafasi, na alikuwa keshaingiza msumeno. Nikaushika mkono wake. Ule ukuta ndo unaozuia sitaha isibonyee ikakubana miguu maji yakiikandamiza, ndo nguzo ya nyumba, ukiutoa umekaa ndani ya chupa ya plastiki. Hata ule wa nyuma acha.

Sasa kigoda. Hapa ndo nimepoteza miezi miwili na hapa ndo nataka kusema na wewe vizuri.

Urefu wa kigoda ndo jambo lenyewe, mengine yote yanafuata. Ukikiweka juu sana magoti yanafurahi, vifundo vinafurahi, mkono unafika mbali majini, lakini chombo kinayumba kama daladala bovu na kila wimbi dogo linakutisha. Ukikiweka chini sana umetulia kama jiwe ila dakika kumi tu miguu inakufa ganzi na ukishuka hushuki, unatambaa kama kaa kwenye matope ya mikoko, na mi nimetambaa, mbele za watu. Wengi naona wanaangukia kati ya sentimita 18 na 23, lakini hiyo ni ya mtu na mtu, inategemea paja, inategemea kifundo, inategemea hiyo chuo ulikwenda au ulikuwa unatoroka.

Kipimo changu cha kwanza nilikifanya nyumbani na mbuzi ya kukunia nazi. Cheka lakini fikiria, mbuzi ni kigoda kifupi chembamba unachokipanda, na ya mamangu nilipoipima na futi ya fundi ilikuwa sentimita 18 kamili. Nikafunga ule mkono wa chuma na taulo mbili, nikapiga magoti juu ya mkeka nikakalia na kijiti cha ufagio mkononi navuta hewa. Mamangu alitoka jikoni akanitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, nazi iko wapi?" Lakini nilijua jambo moja siku hiyo, kuwa kwa 18 naweza kukaa kipindi cha taarifa ya habari yote mpaka michezo.

Kwa wenzetu huko nje kigoda kinachongwa na povu gumu maalum ambalo hapa sijaliona dukani. Basi nikaanza kubabaisha. Kwanza nikachukua sponji ya godoro, si kuna mabaki mengi kwa washonaji wa makochi pale Mwembe Tayari, nikaichonga safi kabisa, ikanywa maji ya bahari kama ngamia. Sponji ina matundu yanayopitana, maji yanaingia yanakaa, unachotaka wewe ni povu ambalo kila kitundu kimejifunga chenyewe. Jaribio ni rahisi, lilaze usiku ndani ya ndoo ya maji limekandamizwa na jiwe, asubuhi likamue, likitoa maji si lenyewe.

Halafu nikapata wazo la kandambili. Povu la kandambili halinywi maji, ndo mana zinaelea mpaka zinatujia ufukweni kutoka kusikojulikana, na kina ndugu zetu wa Lamu si walijenga dau zima, Flipflopi, kwa tani kama kumi za takataka za plastiki na kandambili alfu thelathini zikafunika ubavu wote rangi rangi, wakaishusha majini 2018 na mwaka uliofuata wakaenda nayo mpaka Unguja. Basi mi nikasema kama dau limefika Unguja kigoda kitashindwaje. Nikaokota guni zima Nyali, nikaosha, nikakata. Shida ikawa moja ngumu moja laini, moja nene kisigino imekwisha mbele, ukizipanga unakalia ngazi. Lamu hawakukalia zile kandambili, walizivisha chombo, mi nilikuwa nataka kuzikalia, tofauti kubwa.

Jibu lilikuwa sebuleni kwangu wakati wote. Ile mikeka ya povu ya watoto, vipande vya mraba vinavyoshikana meno, kila kimoja na herufi yake katikati, A mpaka Z. Kila kipande sentimita 30 kwa 30 na unene sentimita moja. Ile ile aina ya povu. Shilingi 1,500 seti nzima, ila mi sikununua, nilichukua ya bintiye mtu, yaani binti yangu, wa chekechea, nikamuahidi mpya mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi ukapita.

Nikapanga A mpaka V. Sentimita 22.

Gundi ni ile ya manjano ya mafundi viatu ya kwenye mkebe. Unapaka pande zote mbili, unangoja. Unangoja kweli kweli, mpaka ukigusa na kidole haikushiki, hapo ndo unabandika, na ukishabandika hakuna kusogeza, imeshika imeshika, F yangu imekaa upande mpaka leo. Fanya nje kwenye upepo, mi nilifanyia uani na bado kichwa kiliniuma mpaka isha.

Kuchonga nilitumia kisu cha mkate kwanza, halafu tupa, halafu msasa mkali, nikakitoa umbo la tandiko la punda, kipana nyuma unapokalia, chembamba mbele kati ya mapaja. Usikipanulie mbele, kitakulazimisha ubane magoti kimkasi na magoti hayatakiwi kubanana. Magoti yaende kando kabisa mpaka yaguse kuta. Ni mafiga matatu hapo, goti la kulia, goti la kushoto na makalio, na chungu ni wewe. Mafiga yakisogeleana chungu kinaanguka, nani asojua. Chini ya magoti nikabandika W na X, na Y na Z nikazikunja zikawa kama mito miwili midogo inayokaa mbele ya kifundo, pale mguu unapolala kifudifudi, na hiyo mito ndo imeniokoa kuliko kitu chochote, manake maumivu hayaanzi kwenye goti kama watu wanavyodhani, yanaanza kwenye kifundo kilichoachwa kinaning'inia.

Nisikize hapa sasa. Usigundishe kigoda kwenye kayaki kabla hujapima majini. Kifunge na kamba tu, kibane, enda kwenye maji tulivu, mwambie mtu asimame ubavuni kwako akwambie omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake) zimekaaje. Mi nilikiweka pale pale ilipokuwa siti ya zamani, nikaona kwani siti si siti, shemeji yangu aliyesimama kwenye maji ya kifua akaanza kucheka kabla sijauliza. Tezi imezama, omo iko juu inanusa. Na ukikaa ukafikiri utaona kwa nini, mwenye kayaki ananyoosha miguu mbele na miguu ni mizito, inasawazisha. Wewe miguu umeikunja chini yako, uzito wote umerudi nyuma. Tukakisogeza mbele vidole vitatu, bado, vidole vinne, hapo omo ikashuka ikalala sawa. Nikapiga mstari na kalamu ya wino mzito pande zote. Chombo chako kitakuwa na kipimo chake, usichukue vidole vyangu.

Baada ya hapo nikagundisha, na baada ya siku tatu kikang'oka. Kizima. Nilikuwa navuta kafi kwa nguvu nikasikia nasafiri mimi na kigoda kuelekea kushoto na kayaki inabaki. Plastiki ya aina hii gundi haiipendi, jaribu kubandika kitu kwenye jerikeni uone. Fundi viatu mmoja ndo alinipa siri na hakutaka hata shilingi, kwanza ukwaruze na msasa mpaka pasing'ae tena, ufute na spiriti, halafu upitishe moto wa gesi juu yake haraka haraka kama unababua manyoya ya kuku, usiyeyushe, pitisha tu. Ile sura ya juu ya plastiki inabadilika, inakubali kushikwa. Acha ipoe, mkebe wa gundi uwe mbali kabisa na moto, yaani chumba kingine, halafu ndo upake, mara mbili, ya kwanza ikauke. Nimefanya hivyo na tangu hapo nimekivuta, nimekipiga teke, nimekalia na kilo zangu 84, hakijasogea.

Kabla ya kugundisha mara ya pili nilipitisha mkanda chini ya kigoda. Mikanda ni ya siti ya gari, nilinunua kwa watu wa vyuma chakavu, imara hiyo haina mfano. Inatoka katikati mbele ya kigoda, inapanda juu ya paja karibu na nyonga, inaenda ubavuni nyuma kidogo, na ubavuni nimeifunga kwenye yale matundu ya bolti za siti ya zamani. Sikutoboa tundu jipya hata moja. Kila tundu jipya ni mlango wa maji.

Kazi ya mikanda ni kukufanya wewe na chombo muwe kitu kimoja, ukiinua goti la kulia kayaki nayo inainuka kulia. Bila mikanda we ni mzigo tu uliowekwa juu.

Lakini sasa. Siku ya kwanza ya mikanda mi mjanja nikaifunga na fundo. Fundo zuri la kivuvi. Shemeji yupo kwenye maji, tumekubaliana nipinduke kusudi, nijaribu kutoka. Nikavuta pumzi nikajilaza kushoto, chini, kijani kibichi halafu kahawia, matope yamepanda, nikapeleka mkono kwenye fundo na fundo likiwa limeloa limekaza kama limechomelewa. Nikavuta. Nikavuta tena. Kitu ninachokumbuka ni kuwa sikuogopa mara moja, niliudhika kwanza, kama mtu aliyesahau funguo, halafu ndo ile hofu ikaja kutoka miguuni, manake miguu haipo mbele yako ukaisukuma, iko chini yako imekunjwa, huna pa kukanyagia. Nikagonga ubavu wa kayaki mara mbili kwa kiganja, shemeji akanipindua juu. Aliniambia zilikuwa sekunde nane. Sikubishana naye.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mshonaji wa mabegi akanitilia vifungio vya plastiki, vile vya mabegi ya shule unabana pande mbili kinaruka, kila paja na chake na kila kimoja nimekishonea utepe mwekundu mrefu wa kuvuta, nikivuta hata na kidole kimoja kinaachia. Nimepinduka mara kumi na tano kwa kuhesabu, na shemeji pembeni, ndo nikaruhusiwa kutia ile sketi ya kuzuia maji, unayoivaa kiunoni ikafunika tundu la kukalia. Na viatu, usivae raba nene za uwanjani, ncha ya kiatu inanasa chini ya kigoda wakati wa kuvuta mguu. Vaa zile nyepesi za mpira. Peku nayo huwezi, maganda ya chaza kwenye mikoko yatakuchana.

Mbele na nyuma, pande mbili za zile kuta za povu, nimetia jerikeni tupu za lita tano vifuniko vimekazwa, nikazifunga zisitoke. Wenye pesa wana mifuko maalum ya upepo. Kazi ni ile ile, kuchukua nafasi ya maji, manake lita moja ya maji ni kilo moja, na kayaki hii ndani inameza lita mia mbili na zaidi, ikijaa hiyo huiburuti wewe wala mjomba wako.

Urefu nao bado ulikuwa unanisumbua. Kwenye V nilikuwa juu mno. Maji yakiwa kama kioo sawa, lakini ikipita boti yoyote ya injini nashika kingo na mikono miwili. Nikavumilia wiki, nikasema ntazoea, halafu nikachukua kisu cha mkate nikakata kwenye mstari wa S na T. Sentimita 19, moja tu zaidi ya mbuzi ya mamangu, yaani ningemsikiza mbuzi tangu mwanzo ningeokoa gundi. V ikachanika vipande, T na U zikatoka zimeshikana salama. Binti yangu akija kushika kigoda huwa anahesabu na kidole ubavuni, ananiuliza, "Baba, sa unakalia S?" Nakalia S. Na nikikaa S naweza dakika arobaini kabla ganzi haijafika vidoleni, halafu nainuka kidogo nimesimamia magoti, damu inapita, nakaa tena.

Kuhusu kwenda moja kwa moja, hapo ndo vijana wa ukutani walipata burudani. Kafi la bapa moja ukivuta kulia chombo kinageuka kushoto, ukivuta tena kinageuka tena, na kayaki za maji ya kasi ni fupi na chini zimeviringika, zimeundwa zigeuke. Nikawa navuta mara moja kulia, nabadilisha, mara moja kushoto, maji yote yananimwagikia mapajani. Yupo mzee mmoja mvuvi hupitia pale na hori yake karibu kila siku maji yakijaa. Siku ya tatu kunipita akasimamisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wafanya nini, mwanangu?"

Nikamwambia najifunza kwenda mbele. Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Akanambia nitazame mkono wake. Akavuta kafi kama kawaida, refu, karibu na ubavu, na lilipopita nyonga hakulitoa majini, alikizungusha kifundo cha mkono wa juu mpaka kidole gumba kikatazama chini, bapa likageuka likasukuma maji kidogo kwenda nje, kidogo tu, halafu ndo likatoka. Hori haikupepesa. "Pale mwisho ndo usukani," akanambia, "wewe walitoa kafi kabla halijasema." Nimekuja kuona kuwa huko nje wanaufundisha mvuto huo huo na wanauita kwa herufi J, kwa ajili ya njia linayochora bapa majini. Babu hana herufi.

Inachukua muda. Mkono wangu wa juu ulikuwa unageuka upande mbaya, gumba juu, ambayo inafanya kazi lakini inakufungia breki. Baada ya kama wiki mbili mwili ukaelewa wenyewe, sasa natoka pale chini mpaka kwenye mikoko ya ng'ambo kwa upande mmoja tu bila kubadilisha mkono, nikiwa sina haraka na hakuna anayerekodi. Upande wa kushoto bado ni aibu.

Yule mzee alipoiona ile T na U nyuma ya baiskeli yangu akaniuliza ya nini. Nikasema mabaki. Akaichukua, akaibonyeza na gumba, akaiweka kwenye ubao wa hori pale anapotua goti lake la kulia anapovuta wavu, akajaribu, akaondoka nayo. Hakuniomba, nami sikuona cha kusema.

Sijaenda Sagana. Watu wananiuliza lini, nawaambia mto hauna haraka. Kwanza nataka nijue kurudi juu mwenyewe nikipinduka bila kutoka ndani, na hilo kwa kafi la bapa moja ni habari nyingine, mpaka sasa nimefanikiwa mara mbili na zote mbili shemeji anasema aligusa. Kwa sasa natoka maji mafu tu, zile siku maji hayajai wala hayapwi sana. Bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, siendi, Tudor maji yakianza kutoka kwenye bamvua yanavuta kuelekea Mji wa Kale kama yana deni huko, na mi bado mkono wa kushoto sina.

Jumamosi hii ni maji mafu, yanajaa kama saa nne asubuhi, ntakuwepo. Lakini kwanza nna kazi moja na mzee. Chekechea wameanza herufi, kila mtoto aje na herufi ya wiki kutoka nyumbani, wakaanzia majina yao yanapoanzia, na binti yangu jina lake linaanza na T.